Baba na shangazi wana kisukari, sukari yangu iko sawa ila misuli inachoka haraka. Nifanyeje?

Nyota_ya_Jioni: Wakuu, naombeni ushauri. Baba ana kisukari aina ya 2, shangazi naye anacho. Mimi nina miaka 34, sina kitambi. Nimepima sukari kabla ya kula imesoma 5.4, nikaambiwa niko salama. Lakini nikipanda ngazi mapaja yanawaka mpaka nashika ukuta, na nikibeba ndoo mkono unatetemeka. Uchovu huu ni wa kurithi?

Muuguzi_K: Pole sana. 5.4 ni nzuri, maana kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0 kabla ya kula. Ila kipimo hicho hakionyeshi kongosho limetoa insulini kiasi gani ili sukari ibaki hapo. Misuli ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari insulini inapoisukuma itoke kwenye damu, na kwa watoto wa wagonjwa inaweza kuwa sugu kwa insulini, yaani isiiitikie vizuri, miaka mingi kabla ya ugonjwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliona hata vijana wembamba wenye usugu huo, ambao wazazi wao wana kisukari, mitokondria (viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli) za misuli yao zinazalisha nishati pungufu. Hilo peke yake halithibitishi kwamba uchovu wako umetoka huko.

Mdau_77: Kunywa glukosi mkuu, nguvu zitarudi.

Muuguzi_K: Hapana, tafadhali. Mwenye ukoo kama huu asijipe sukari ya ziada bila sababu. Aombe kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, wingi wa damu na tezi ya thairoidi. Je, unakoroma? Unatumia dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli)? Vyote hivyo huchosha watu, na watu wa ukoo wa kisukari huviacha kwa kuwa akili yao yote iko kwenye sukari.

Mzee_wa_Mazoezi: Nakuunga mkono muuguzi. Huku ukisubiri majibu, anza na kiti. Kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika, kisha shuka polepole mpaka uhisi mapaja yanafanya kazi. Acha ukiwa bado na nguvu kidogo, ongeza wiki hadi wiki. Msuli unaojikunja huvuta sukari hata bila insulini, ndiyo maana mimi nasisitiza mazoezi ya nguvu. WHO inashauri angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 za kutembea kwa kasi.

Nyota_ya_Jioni: Asanteni sana. Kukoroma, ndiyo, nalalamikiwa nyumbani. Nitavipima vyote. Baba naye anaweza hilo la kiti?

Muuguzi_K: Anaweza, ila kama anachoma insulini apime sukari kwanza na awe na kitu kitamu karibu. Avae viatu, na umkague nyayo baadaye, huenda ganzi ikamzuia kuhisi kidonda.