Walimu watarajiwa wanajua kusahihisha, hawajui kufundisha kusoma. Nifanyeje?

mkufunzi_bamburi
Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Ninafundisha mbinu za kufundisha lugha kwa wanafunzi wa shahada ya ualimu hapa Mombasa. Wengi wanachukua Kiswahili na Historia, wengine Kiingereza na Fasihi. Wakihitimu wataenda sekondari, na watoto watakaowafundisha ndio watakaoingia vyuo vikuu.

Juzi nilimkagua mmoja aliye tipii, yaani mazoezi ya kufundisha, upande wa Likoni. Kijana nadhifu, azimio la kazi limekamilika, andalio la somo limepangwa vizuri kabisa. Somo lilikuwa ufahamu. Akasema, "Fungueni kitabu, someni taarifa kimya kimya, kisha mjibu swali la a hadi f." Akaketi. Darasa likanyamaza, yeye akawa anapanga chaki kwenye kijaluba. Muda ulipokaribia kwisha akasahihisha kwa mdomo: hili ndilo, hili silo. Kengele ikalia.

Nikiipitia fomu yangu ya ukaguzi, hakuna kipengele alichokosa. Lakini wale watoto hawakufundishwa kusoma. Walipimwa tu. Aliyekuwa anajua alitoka anajua, na aliyekuwa hajui ametoka vilevile.

Sasa mtoto huyo akifika chuo anapewa makala ndefu asome kabla ya mhadhara, kisha insha inayoanza na "Jadili". Nina muhula mmoja na hawa walimu wangu. Wenye uzoefu, nisaidieni. Nadharia ninazo, nataka mambo ya kufanya darasani.

Chaki_Nyeupe
Dada, tusidanganyane. Mimi niko Changamwe, nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, darasa halina pa kupitisha mguu. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ina alama 80. Matumizi ya lugha peke yake yanabeba 40, ufahamu 15, muhtasari 15, isimujamii 10. Mwalimu mwenye akili zake atakimbilia wapi? Huyo kijana wako amefanya kile ambacho shule inamtaka afanye.

Nipo_Mwaka_wa_Kwanza
Mimi ndiye ninayewapokea. Nafundisha historia chuo kikuu, mwaka wa kwanza, na naweza kukuambia wanafika na nini.

Wanafika na pointi. Mwanafunzi ukimwambia ajadili sababu za Wareno kupoteza pwani, anakuandikia sababu ya kwanza, ya pili, hadi ya sita, kila moja mistari miwili. Ukimwuliza ipi ilikuwa na uzito zaidi na kwa nini, anakutazama kama umemtukana. Wala simlaumu. Amelelewa na mtihani unaosema "Taja sababu tatu, alama 3. Eleza mambo sita, alama 12." Kila pointi ina bei yake, kwa hiyo anaokota pointi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba insha ni mtu mmoja anayeshikilia jambo na kulitetea.

La pili ni kwamba amezoea matini moja. Muhtasari wa KCSE ni kifungu kimoja, na majibu yote yamo ndani. Huku nampa waandishi wawili wasiokubaliana. Anachofanya ni kunakili aya kwa huyu, aya kwa yule, anaziunganisha na "pia". Kisha mimi naambiwa nimfundishe historia.

BintiKongowea
Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema, niko mwaka wa nne (natumai si mimi niliyekaguliwa Likoni 😅). Ukweli ni kwamba hatujawahi kuonyeshwa. Mhadhiri anatwambia "mshirikishe mwanafunzi katika matini", tunaandika kwenye daftari, tunafanyia mtihani. Kushirikisha kwenyewe kukoje, sijawahi kuona kukifanywa mbele ya macho yangu. Nikienda tipii nafundisha vile nilivyofundishwa kidato cha pili. Sina namna nyingine.

Sijui_Ila_Najua
Wapeleke wote Marikiti wakasome bei za nyanya, watarudi wanajua kuchambua hoja.

Mzee_wa_Makupa
Binti amegusa penyewe. Nimestaafu sasa, ila nilikagua walimu wa tipii kwa miaka mingi. Bi mkufunzi, sikiliza haya.

Kwanza wewe mwenyewe usome mbele yao kwa sauti, na ufikiri kwa sauti. Chukua makala wasiyoijua, na wewe usiwe umeiandaa sana. Soma sentensi, simama. "Hapa sijaelewa, narudi nyuma." "Huyu mwandishi amesema 'hata hivyo', basi anageuka, sasa ataniambia kinyume." "Neno hili silijui, ila nikitazama la kabla yake nadhani ni kitu kibaya." Walimu watarajiwa wanadhani msomaji hodari haelewi vibaya kamwe. Wakikuona wewe unarudi nyuma, wataacha kuwaficha wanafunzi wao jambo hilo.

Pili, kuna njia ya Palincsar na Brown, Wamarekani wawili walioitangaza mwaka 1984. Wanafunzi wanasoma kipande kidogo, kisha wanafanya mambo manne: mmoja anauliza swali, mmoja anafafanua palipo na giza, mmoja anafupisha, mmoja anabashiri kinachofuata. Wanabadilishana zamu. Mwanzoni mwalimu ndiye anayeongoza, kisha polepole anawaachia. Darasa kubwa kama la bwana Changamwe pale juu linaingia humo bila shida, maana makundi yanajiendesha na kelele zake zina kazi. Lakini usiwafundishe walimu wako njia hii kwa maelezo. Waifanye wao wenyewe, na makala ngumu ya kiwango chao, mpaka waone ugumu wake.

Tatu, choma hiyo fomu ya ukaguzi. Umesema mwenyewe kijana hakukosa kipengele! Basi fomu ndiyo yenye kasoro. Weka mstari mmoja: "Ni wakati gani mwalimu alimwonyesha mwanafunzi namna ya kusoma au kuandika jambo ambalo hakuliweza kabla?" Mkaguzi asipopata la kuandika hapo, mwalimu hajapita.

mkufunzi_bamburi
Mzee wangu, shikamoo na ahsante. La fomu limeniuma, kwa sababu ni ya idara na sina amri nayo peke yangu. Lakini naweza kuongeza karatasi yangu pembeni.

Chaki, nakuelewa, ila hebu niulize. Hizo alama 15 za muhtasari, wanafunzi wako wanazipata?

Chaki_Nyeupe
Hapo umenishika. Hawazipati. Wanakata sentensi kwenye kifungu na kuzipanga upya. Nikiwaambia "tumia maneno yako" wananitazama.

Mzee_wa_Makupa
Basi huo ndio mlango wako, mwanangu. Wafunge kitabu. Wakisha kusoma, kitabu kinafungwa kabisa, kila mmoja anamweleza jirani yake kwa mdomo kifungu kilisema nini. Kisha anaandika alichokisema. Kitabu kinafunguliwa mwisho tu, kuhakikisha hakupotosha. Mtu hawezi kunakili asichokiona. Mtihani utafaidika na chuo kitafaidika.

Nipo_Mwaka_wa_Kwanza
Naunga mkono, na naongeza zoezi moja kwa wale wa Kiswahili na Historia. Chukua Fort Jesus, wanaipita kila siku na wengine hawajaingia tangu ziara ya shule ya msingi. Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Watafutie maandishi mawili mafupi kuhusu kuzingirwa huko, moja likitazama mambo kwa jicho la waliokuwa ndani ya ngome na jingine kwa jicho la waliokuwa nje. Kabla ya maswali ya "nini kilitokea", waulize: nani anasema, aliandika lini, anataka niamini nini, na kipi amekinyamazia? Hivyo ndivyo mwanahistoria anavyosoma. Mwalimu wa Biolojia ana maswali mengine, anatazama jaribio lilifanywaje na mchoro unasema nini ambacho maneno hayasemi.

Kisha waandike aya moja tu. Aya moja! Iwe na dai lao, iseme nani kasema nini, na iwataje wote wawili. Nikipata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeweza aya hiyo, mengine nitamfundisha mimi.

BintiKongowea
Na swali la lugha je? Wengi wetu huku Pwani tunafikiri kwa Kiswahili, chuo kinasoma Kiingereza. Zoezi hilo tulifanye kwa lugha ipi?

Nipo_Mwaka_wa_Kwanza
Anza na Kiswahili, usione haya. Mtu akishajua kudai na kutetea, anahama na ujuzi wake. Anayebaki nyuma ni yule aliyefundishwa Kiingereza cha kupanga pointi tu. Ila msiishie hapo, muhamie Kiingereza ndani ya wiki hiyohiyo, na mwalimu wa Kiswahili akae na wa Kiingereza wakubaliane wanatumia maswali yaleyale.

Kalamu_ya_Mtwapa
Samahani naingilia. Na hawa wanaoandikiwa na ChatGPT? Wangu wa gredi ya 10 wameanza mwaka huu na tayari insha zote zina sauti moja.

Mzee_wa_Makupa
Rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono. Uisome, umwulize swali moja pembeni. Ya pili aipeleke nyumbani. Ikirudi haina jibu la swali lako, utajua.

mkufunzi_bamburi
Bado moja linanisumbua: kusahihisha. Nikiwaambia waandikishe mara kwa mara, watanijibu kwamba hawawezi kusahihisha madaftari yote hayo.

Chaki_Nyeupe
Hili nalijua mimi, hapa sibishani. Usisahihishe kila kitu. Wiki hii tazama dai tu, makosa ya tahajia yapite. Wiki ijayo ushahidi. Chukua madaftari ya safu moja tu kila wiki, na wengine wasomeane: kila mmoja aandike chini ya kazi ya mwenzake "Unadai nini?" na "Sijaelewa wapi?" Nimejaribu hilo kwenye barua rasmi likafaa. Walimu wako wazoeshe kwa insha zao wenyewe, kabla ya kwenda tipii. Watajua uchungu wa kusomwa na mtu.

Na hiyo karatasi yako ya pembeni ukiimaliza, niwekee inboksi. Mkuu wangu wa idara anakagua muhula ujao, nataka kumpa hiyo badala ya fomu yake.