Naomba ushauri: daladala yangu ya 3D inachanika kwenye simu, laptop iko sawa

mwana_buguruni (mtoa mada):
Wakuu, salaam. Nina fremuweki yangu ya magemu, nimeiandika kwa C juu ya SDL (maktaba ya dirisha, sauti na mguso) na OpenGL (ya kuchora). Upande wa 2D umeshakomaa: picha, sauti, mguso, vyote vinakwenda. Sasa naongeza meshi (maumbo ya pembetatu) na modeli ili daladala iendeshwe kwa 3D. Kwenye laptop gari linaonekana safi. Nikilihamishia kwenye simu, pembetatu zinaruka kutoka taa ya mbele hadi siti ya nyuma na paa linachanika. Swali langu ni moja tu: niendelee na kisomaji nilichoandika mwenyewe cha OBJ (muundo wa zamani wa faili za modeli), au nihamie glTF (muundo mpya zaidi)? Nina presha kweli, wajuvi mje.

kondakta2:
LATRA wameshaliona hilo gari, mkuu?

Mzee wa Kazi:
Kijana, hamia Godot, injini ya magemu iliyo tayari. Ni ya bure, glTF inasoma yenyewe, na simu inazijua. Shida yenu mnataka kuchimba kisima wakati bomba liko uani, halafu mnakuja kulia huku. Gemu lenyewe liko wapi? Halipo.

Shangazi Binari:
Mzee, usimkatishe tamaa mtoto wa watu. Mimi nilianzia libGDX, fremuweki ya magemu ya Java, nikaletewa modeli ya FBX (muundo mwingine wa faili), nikaambiwa hadi igeuzwe kwanza kwa fbx-conv. Nikaigeuza, gari likatoka limelala ubavu kwa sababu aliyelichonga alihesabu Z ndiyo juu. Na hiyo laptop yenyewe nilinunua ya mtumba, muuzaji akaniapia ina kadi ya grafiki. Kumbe ina stika ya kadi ya grafiki. Narudi dukani nakuta wanauza vitenge.

kondakta2:
Vitenge vilikuwa bei gani?

MtuWaSheda:
Turudi kwenye mada. Muundo wa faili hauwezi kuchana paa kwenye simu ukaliacha zima kwenye laptop. Mtoa mada, modeli ina vipeo (pembe za pembetatu) vingapi, na simu inatumia toleo lipi la OpenGL ES (OpenGL ya simu)?

mwana_buguruni:
Simu ni ya kawaida tu, mkuu. Vipeo viko vya kutosha. Kisomaji hakina tatizo, nimekikeshea. Kinaunganisha nafasi, UV (picha ikae wapi juu ya umbo) na nomali (uso unaelekea wapi), hata lile la OBJ kuanza kuhesabu kwenye 1 badala ya 0 nimelishughulikia.

MtuWaSheda:
"Vya kutosha" si namba.

mwana_buguruni:
180,000 na kidogo. ES 2.0. Ila naomba tusiende kwenye kupunguza vipeo, haiwezekani. Kuna mtu ameshanilipa nusu, na alipenda gari baada ya kuona picha yenye kila boliti. ES 3.0 nayo siitaki, watu wake wana simu za zamani.

Mzee wa Kazi:
Ahaa. Kumbe pesa imeshaliwa.

MtuWaSheda:
Hapo sasa tunaongea. Kwenye ES 2.0 amri ya kuchora, glDrawElements, inakubali indeksi (namba za vipeo) za biti 8 au 16 tu. Biti 16 zinaishia 65,535. Za biti 32 zinataka simu iwe na nyongeza inayoitwa OES_element_index_uint, au uende ES 3.0 ambako zimo tayari. Ukilazimisha kipeo cha 70,000 kiingie kwenye biti 16, kinageuka kuwa 4,464. Ndiyo maana pembetatu ya siti inakwenda kushika taa. Usijione mnyonge, libGDX na raylib (maktaba nyingine ya magemu) nazo indeksi za meshi zao ni za biti 16.

Shahidi wa Tatu:
Wakuu, mnachezewa. Someni vizuri. Kwanza gemu lilikuwa lake, sasa lina mteja. Pia anasema msimbo ni mmoja. Kama indeksi zinakatwa, mbona laptop haichani? Na kama anatuma za biti 32 kwenye simu isiyozikubali, simu ingetoa kosa na kutochora kitu kabisa, si kuchora gari lililochanika. Hii ni kazi ya chuo, au mtu anakusanya majibu. Mods fungeni uzi.

Shangazi Binari:
Mmh. Ana hoja huyu.

kondakta2:
Abiria wote shukeni, gari halina leseni.

mwana_buguruni:
Sijasema popote kwamba msimbo ni mmoja! Simu ilikuwa haichori chochote, skrini nyeusi tupu. Ndipo nikaweka mstari huu kwa ajili ya Android pekee:

`idx16[i] = (unsigned short)idx[i];`

Gari likatokea. Nikaona nimepiga hatua, ndiyo maana sikuutaja.

Shahidi wa Tatu:
Basi ndiyo huo unaozikata indeksi ziwe za biti 16 na kuchana paa. Naondoa shtaka la chuo, la mteja linabaki.

MtuWaSheda:
Toa mstari huo. Gawa modeli katika meshi kadhaa, kila moja isizidi vipeo 65,536 na ianze kuhesabu indeksi zake kwenye 0. Anza kugawa kwa matirio (aina ya kitu): vioo, matairi, siti, bodi. Boliti nazo, kwa ushauri wangu, zichomee kwenye ramani ya nomali, yaani picha inayoigiza matuta bila kuongeza vipeo. Mteja akiwa na simu mkononi hataona tofauti, na simu yake haitapata moto.

mwana_buguruni:
Boliti zinabaki, tulishakubaliana. Ila kugawa naweza. Shida bodi peke yake ina 71,000.

MtuWaSheda:
Ikate katikati, kushoto na kulia. Vipeo vya kwenye mkato virudie pande zote mbili na nomali zilezile, la sivyo utaona mstari juu ya paa.

kondakta2:
Na konda anakaa meshi ipi?