Naombeni ushauri: baiskeli ya resi ya mtumba, bajeti laki tatu, nipo Dodoma

Kijana wa Chang'ombe
Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mkazi wa hapa Dodoma, nakaa Chang'ombe na tangu mwezi wa pili kazi imehamia Mtumba kule mji wa serikali. Kwenda napanda gari mbili, kurudi mbili, na jioni pale kituoni mnagombania mlango mpaka unafika nyumbani umechoka kuliko ulivyochoka kazini. Nimeamua ninunue baiskeli, sio hizi za kubebea maji, nataka ile ya resi yenye usukani uliopinda chini na tairi nyembamba, niende nayo kazini siku tatu kwa wiki na jumamosi nifike hata Chamwino kwa mazoezi.

Hela niliyonayo ni laki tatu, na hiyo nimeidunduliza, haiongezeki. Nimeshaona mbili. Ya kwanza ni Peugeot ya zamani ya chuma, gia 10, vishikio vya kubadilishia gia viko kwenye bomba la chini, tairi zimeisha kabisa, anataka 220,000. Ya pili ni ya alumini, rangi inang'aa kama mpya, gia 18, breki na gia ziko pamoja kwenye usukani, anasema 350,000 mwisho 300,000. Moyo wangu uko kwenye hii ya pili ila sina ujuzi wowote na naogopa kupigwa. Mimi nina urefu wa sentimita 168. Nianze kuangalia nini?

Mgogo wa Nala
Mdogo wangu achana na hizo tairi za uzi, Dodoma ni miiba. Ukitoka tu lami ukaingia mtaani ni mchanga na miiba ya migunga, utaziba pancha mpaka fundi akujue kwa jina. Nunua MTB, zile baiskeli za milimani zenye tairi nene, ya inchi 26, tyubu zake zipo kila duka na kila fundi anaijua.

Upepo wa Mashariki
Mgogo kuhusu miiba uko sahihi, ila kwa safari yake simshauri MTB. Mimi naenda Mtumba kwa baiskeli mwaka wa pili sasa, katikati ya mji mpaka kule ni kama kilomita 17, yeye wa Chang'ombe inakaribia 20, na karibu yote ni lami. Nilianza na MTB ya tairi za meno, nilikuwa nafika miguu inatetemeka. Halafu kuna kitu watu hawakiwazi, upepo. Hapa kwetu unatoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo asubuhi unapoelekea Mtumba unaukuta usoni, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ni mkali kweli. Ukiwa umekaa wima kwenye MTB kifua kinakuwa kama tanga. Ukiwa umeinama kwenye resi unapita chini yake. Jioni sasa ndo raha, unasukumwa mpaka nyumbani.

Ila sio tairi za milimita 23 zile. Tafuta fremu yenye nafasi, pima kati ya tairi na foki, ile inayoshika gurudumu la mbele, na kati ya tairi na breki, uone kama milimita 28 au 32 itaingia. Fremu nyingi za alumini za mashindano zimebana, hata 28 inakwaruza. Hizo za chuma za zamani mara nyingi zina nafasi. Kwa hilo peke yake mimi naipa ile ya 220 kura yangu kabla hata sijaiona.

Kijana wa Chang'ombe
Asante sana kaka, hilo la upepo sikuliwaza kabisa. Sasa kwenye saizi ya fremu ndo nachanganyikiwa, muuzaji wa Peugeot anasema utashusha siti itakutosha tu.

Dada wa Makulu
Usikubali hiyo habari ya utashusha siti!! Niliambiwa maneno hayohayo nikanunua fremu kubwa kwasababu ilikuwa bei rahisi na ilipendeza, miezi minne nilikuwa nashindwa kugeuza shingo na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi, maana siti unaweza kuishusha lakini bomba la juu halifupiki, unabaki umejinyoosha kama unafikia kitu kabatini. Niliiuza kwa hasara na hiyo hela inaniuma mpaka leo.

Fanya hivi. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu katikati ya mapaja kikabe juu kabisa kama siti inavyokaba, mwenzio apime kutoka juu ya kitabu mpaka sakafuni. Hiyo namba zidisha mara 0.67 inakupa saizi ya fremu kwa sentimita, yaani kutoka katikati ya krenki, pale mikono ya pedali inapozungukia, kupanda mpaka bomba la siti linapokutana na bomba la juu. Ukizidisha mara 0.883 unapata kimo cha siti kutoka katikati ya krenki. Hii ya pili ilisambazwa na Greg LeMond yule Mmarekani aliyechukua Tour de France 1986, 1989 na 1990. Sio msahafu, lakini ukikuta fremu imekuzidi sentimita tano usibishane na mtu, ondoka.

Fundi Mstaafu
Kijana marahaba. Nimeshika spana za baiskeli tangu enzi za baiskeli za Swala, nisikilize taratibu maana nitaandika kirefu na macho hayaoni vizuri kwenye hii simu.

Kwanza nenda mchana, usiende jioni, na usiangalie rangi. Rangi mpya kwenye baiskeli ya mtumba inanitia wasiwasi kuliko kutu. Pitisha kidole chini ya bomba la chini karibu na linapoungana na kichwa cha fremu pale mbele, hapo ndipo baiskeli iliyogonga inapoonyesha. Ukisikia kauvimbe au mkunjo au rangi imepasuka kama uzi, hiyo ilikutana na ukuta au gari. Kama ni chuma fundi wa kuchomelea anaweza kukusaidia. Alumini usimpelekee mchomeleaji wa mtaani, ataichoma nguvu yote iishe na itakukatikia barabarani. Halafu simama pembeni uangalie foki, mkunjo wake uwe mmoja laini kuelekea mbele, ikiwa imerudi nyuma imeshagonga.

Kamata breki ya mbele sukuma usukani mbele nyuma, ukisikia gongo ni gololi za kichwa, hizo zinakazwa au zinabadilishwa, si neno. Shika mikono ya krenki itikise kulia kushoto, isicheze. Nyanyua zungusha ringi ukiangalia inavyopita kwenye breki, ikiyumba kidogo inabalansiwa, ikiruka juu chini ni ringi iliyopigwa shimo, dai ipunguzwe bei. Pitisha kidole ukutani kwa ringi pale breki inaposhika, ikiwa imelika mpaka imekuwa bonde itapasuka siku moja. Mwambie alegeze siti uone kama bomba lake linapanda na kushuka. Likiwa limeganda kwa kutu umenunua matatizo.

Cheni pima kwa rula. Hesabu pini 24 baada ya ile unayoanzia, iwe inchi 12 kamili. Ikizidi milimita moja na nusu badilisha cheni, ikizidi tatu ujue na sproketi, yale meno ya nyuma yanayoshika cheni, zimekwisha, ukiweka cheni mpya itaruka.

Sasa kuhusu hiyo Peugeot. Ni baiskeli nzuri, chuma chake kinapanda vizuri. Lakini baiskeli nyingi za Kifaransa za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 zina nyuzi zao wenyewe kwenye krenki, kikombe kinachoshika gololi za krenki ni milimita 35 na nyuzi za upande wa kulia zinafunga kawaida. Za Kiingereza ambazo ndizo zimejaa duniani ni inchi 1.37 na upande wa kulia zinafunga kinyume. Vikombe vya Kiingereza haviingii humo, na fundi asiyejua atalazimisha aharibu fremu. Kama krenki inazunguka laini sasa hivi, safi, muda mrefu hutaigusa. Kama inakwaruza, hiyo 220 ni ghali.

Na tairi. Hapa watu wanalia sana. Ukienda dukani ukasema nataka tairi la 28 utapewa la Phoenix, ambalo kipenyo chake pale linapokaa kwenye ringi ni milimita 635. Resi za siku hizi ni 622, nayo inaitwa 28 pia. Halikai, litacheza kwenye ringi. Resi za zamani nyingine ni inchi 27, yaani 630, hiyo nayo ni kitu kingine. Usikariri jina, soma namba tatu za mwisho pembeni ya tairi. Ukiikuta 622 chukua, kwasababu hata pasipopatikana hapa unaagiza Dar inakuja na basi.

Kijana wa Chang'ombe
Mzee wangu Mungu akuzidishie, nimeandika yote kwenye daftari. Nimepima mguu, sentimita 79, kwa hiyo fremu inakuja kama 53. Kesho natoka mapema naenda na rula.

Mtunza Risiti
Ongezea hili: geuza baiskeli uangalie namba iliyochongwa chini ya krenki. Ikiwa imekwanguliwa usiinunue hata akupe kwa elfu hamsini. Na mkielewana msimalizane barabarani, andikishianeni mauziano kwa mwenyekiti wa mtaa, namba ya fremu iandikwe, majina na mashahidi. Siku polisi wakikusimamisha au ikiibiwa una karatasi.

Upepo wa Mashariki
Na usimalize laki tatu yote kwenye kununua. Ya mtumba ukiifikisha nyumbani itakuomba tairi, tyubu, cheni, waya za breki na raba zake, na helmeti na taa ya nyuma hizo ni lazima, ile barabara ya Morogoro malori hayana subira. Mimi ningesema 200,000 mwisho, laki nyingine iwe ya matengenezo.

Kijana wa Chang'ombe
Wakuu naleta mrejesho. Ile ya alumini nimepitisha kidole kama mzee alivyosema, kuna kauvimbe kabisa chini ya bomba, na rangi pale ni nene kuliko kwingine. Nilipomuuliza muuzaji akaanza kuniambia kuna mteja mwingine anakuja saa nane. Nikamshukuru nikaondoka. Na ndo niliyokuwa nimeipenda, kama nisingeuliza hapa jumamosi ningekuwa nayo.

Peugeot krenki inazunguka vizuri lakini nimepima ni 58. Nimekaa nikaona kweli najinyoosha. Nikaikumbuka stori ya dada wa Makulu, nikaiacha na roho inauma.

Ila kule kule kuna kijana ana za Japani zimeshuka kwenye kontena, kwa nyuma kabisa nikaona moja imejaa vumbi, ya chuma, nyuma sproketi 6, tairi zimepasuka ila pembeni zimeandikwa 622. Fremu 53. Namba yake ipo. Kichwa kinagonga kidogo, ringi ya nyuma inayumba, cheni imezidi milimita mbili. Anataka 190,000. Mnasemaje?

Fundi Mstaafu
Vishikio vya gia viko wapi, na vinalia kwa hatua au vinateleza tu?

Kijana wa Chang'ombe
Viko bomba la chini mzee, vinateleza tu.

Fundi Mstaafu
Chukua. Hivyo vya kuteleza haviharibiki na havichagui, ukiweka sproketi 6 au 7 vinafanya kazi hivyo hivyo, unatafuta gia kwa sikio na wiki moja utakuwa umezoea. Vile vya kwenye breki vikikauka grisi ndani kumpata wa kuvifungua hapa mjini ni kazi. Gololi za kichwa na kubalansi ringi ni kazi ya saa moja. Mwambie 170 kwasababu ya cheni na tairi.

Dada wa Makulu
Hongera kwa kuiacha ile ya 58, najua ilivyo ngumu.

Mgogo wa Nala
Haya nimekubali yaishe, kama ni 622 na inaingia 32 itakufaa. Sasa nisikilize kwenye miiba maana huko ndo kwangu. Chukua tyubu ya zamani, ipasue katikati, kata mdomo wake, uilaze ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Inaongeza uzito kidogo ila mwiba mfupi haufiki. Kila jioni kabla hujaiegesha zungusha tairi upitishe kitambaa, mwiba mara nyingi hautoboi siku ya kwanza, unaingia nusu halafu unasukumwa kidogo kidogo kila mzunguko. Ukiutoa jioni umeokoa pancha ya kesho. Na ukitoka lami kuingia kwenu, shuka ukokote pale penye mchanga na majani makavu.

Angalia pia valvu. Nyingi za resi zina tundu jembamba kwenye ringi la milimita 6 na nusu, tyubu yenye valvu nene kama ya pikipiki haipiti. Tafuta kaadapta kadogo ka kufunga juu ya valvu nyembamba, bila hako kituo cha mafuta hawatakujazia.

Kijana wa Chang'ombe
Nimeichukua wakuu, 175,000. Tumeandikishana kwa mwenyekiti na namba ya fremu ipo kwenye karatasi. Foki ina nafasi, 32 itaingia mbele na nyuma, tairi nimeagiza zinakuja na basi alhamisi. Swali la mwisho, kaadapta ka valvu nimezunguka Majengo yote sijakaona.

Upepo wa Mashariki
Ninavyo viwili, kimoja chako. Nichek inbox, alhamisi jioni natokea Mtumba nitakupitishia, tukifunga tairi siku hiyo ijumaa asubuhi tunaondoka wote saa kumi na moja na nusu, mimi natangulia mbele nikukate upepo.