Hivi vodka ina ladha gani hasa ukilinganisha na Konyagi, jini na wiski?

Mzee wa Kavanti:
Habarini wakuu, nina swali linanisumbua nimeona niulete hapa maana huku kitaa kila mtu ana jibu lake. Mimi ni mtu wa bia na Konyagi, hiyo Konyagi yangu na bita lemoni naenda nayo taratibu mpaka mpira unaisha naamka naenda kulala. Sasa washkaji wote wamehamia kwenye vodka, wanasema hiyo ndo pombe safi, haina ladha haina harufu, unakunywa mchana unarudi kazini bosi hajui kitu. Mbona mimi nikiionja ladha naikuta tena kali, ile ile ya spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano, na inachoma kuliko Konyagi wakati zote ukizitazama kwenye glasi huwezi kuzitofautisha. Alafu kuna vodka za bei ya kawaida na kuna zile chupa mzinga mmoja unakaribia kodi ya chumba, sasa kama haina ladha huyo anayelipa hela yote hiyo analipia nini, chupa? Na jini nayo inaingia wapi hapo, maana kuna mtu kaniambia jini na vodka ni kitu kimoja, mwingine akataka kumpiga.
Wale wa pombe ni haramu nawaheshimu ila leo naomba mpite tu, tunaongelea ladha.

Kaunta Senior:
Mkuu ulimi wako mzima kabisa. Mimi niko nyuma ya kaunta miaka mingi hapa Arusha na hili swali naulizwa sana, tena na watu walioshika glasi mkononi.

Vodka ina ladha, ila ladha yenyewe ndo ya pombe tupu, hakuna kitu kimekaa mbele yake kuificha. Wanachukua ngano au mahindi au viazi, wanachachusha, wanaipika kwenye mtambo mrefu, mvuke unapanda unapozwa, unapanda tena unapozwa, mpaka inatoka spiriti ya asilimia 95 na kitu. Ikifika hapo karibu kila harufu ya ngano au kiazi imeshabaki chini. Kisha wanachuja, wengi kwa mkaa, wanarudishia maji mpaka 40, au 37.5 ambayo ndo kima cha chini kule Ulaya. Kwahiyo unachoonja ni spiriti na maji, basi. Spiriti yenyewe ina utamu kidogo mwanzoni na uchungu kidogo mwishoni, na ule mchomo wala sio ladha, mdomoni kuna vihisio vya joto, vile vile vinavyoamshwa na pilipili, pombe inavifanya vishtuke mapema mpaka joto la mwili wako mwenyewe unalisikia kama moto.

Sasa kwanini inakuchoma kuliko Konyagi. Geuza chupa ya Konyagi usome, imeandikwa 35. Vodka nyingi ni 40. Alafu Konyagi ina kaharufu kake, kanaelekea kwenye jini, kanakushika pua kwanza kabla mchomo haujafika, na tena wewe unainywa na bita lemoni, hiyo vodka uliionja kavu. Hapo umeshindanisha vitu viwili ambavyo havijasimama mstari mmoja. Kama unataka haki itendeke, toti ya vodka ya mililita 30 iongezee maji karibu kijiko kimoja cha chai, itashuka kwenye 35, kisha weka na Konyagi kavu pembeni, zote ziwe na ubaridi sawa, onja. Utashangaa vodka ndo itakuwa laini.

Jini ni kweli inaanzia kwenye spiriti ile ile. Ila wanaitia tunda moja linaitwa juniperi pamoja na mbegu za giligilani, maganda ya limao na vinginevyo kila kampuni na siri yake. Kwahiyo aliyesema ni kitu kimoja na yule aliyetaka kumpiga wote wana pointi, waambie wanunuliane.

Dogo Ngumu Kumeza:
Mimi ladha ya vodka naijua, inafanana na ya kupigia simu ex saa nane usiku

Kibe wa Thika Road:
Maze hiyo story ya "bosi hajui" ndio imenifanya niandike. Wakenya tuliosimamishwa na Alcoblow, ile mashine ya polisi ya kupima pombe kwa pumzi, tunajua vizuri. Pombe ikishaingia kwa damu inatokea kwa mapafu, kila ukipumua inatoka, haijalishi ulikunywa vodka ama chang'aa. Vodka haina zile harufu za ziada za wiski ama ramu, hapo nakubali, lakini kusema haisikiki ni uongo watu huambiana ndio waagize ingine. Usiende job nayo buda.

Kwa ladha, huku vijana wengi ni Chrome na soda ya limau, na hapo hakuna mtu anaonja vodka, unaonja sukari na limau. Smirnoff Ice nayo msiiweke hii hesabu, hiyo ni asilimia kama nne ama tano na utamu mwingi, mtu anakunywa mbili anasema "mimi nakunywa vodka", wacha bana. Kitu ya kulinganisha na vodka huku kwetu ni Kenya Cane. Ni nyeupe pia lakini ni ya miwa, na hata uifanyie nini kuna utamu fulani wa sukari nguru unabaki nyuma ya koo. Mimi hiyo ndio napenda. Vodka inafika inaondoka, KC inakaa kidogo mnaongea.

Lakini ya asubuhi vodka imeshinda, nisidanganye. Vile vitu vinapea wiski na brandi rangi na harufu ndio pia huongeza maumivu ya kichwa. Kuna watafiti wa Marekani 2010 walilewesha watu, wengine vodka wengine bourbon (wiski ya Marekani), bourbon ikaonekana iko na hivyo vitu mara 37 kushinda vodka, na waliokunywa bourbon waliamka vibaya zaidi. Ingawa ukiwapea kazi ya kufanya asubuhi wote walikuwa hovyo tu sawasawa, so usijidai uko sawa kuendesha gari.

Mzee wa Kavanti:
Nimewaelewa hapo kwenye 35 na 40, sikuwahi kusoma lebo maisha yangu yote. Kaunta Senior mbona washkaji wanaiweka kwenye friza mpaka chupa inaota ukungu wa barafu, kisha kweli ukiinywa hivyo haichomi sana? Na haigandi?

Kaunta Senior:
Haigandi kwasababu vodka ya asilimia 40 inahitaji kama nyuzi 27 chini ya sifuri ndo igande, friza ya nyumbani inaishia 18 chini. Ikipoa hivyo inakuwa nzito, inateleza, na harufu hazipandi puani. Ndo maana haichomi, baridi imeshaufunga mdomo wako. Vodka mbovu na vodka nzuri kwenye friza wanakuwa ndugu. Mteja akiniambia "nataka iwe barafu kabisa" simuulizi ni aina gani anataka, namuuliza bajeti.

Mbongo wa Kraków:
Wakuu salaam kutoka Poland. Nimesoma nikicheka maana hapa ukimwambia mzee wa Kipolandi vodka haina ladha anakutazama kama umemtukania kijiji. Kaunta Senior kaeleza vizuri ila kwenye "karibu kila harufu imebaki chini" hapo kwenye "karibu" ndo vita yote ilipo.

Huku wana vodka za rai (nafaka fulani ya baridi, mkate wao mweusi ndo unatengenezwa nayo), za ngano na za viazi, na ukiziweka tatu pembeni kwa pembeni bila soda tofauti unaisikia. Ya rai ina ukali mtamu, kama kuna pilipili manga imepita mbali, na mwishoni unabaki na kitu cha mkate. Belvedere ni ya rai. Ya viazi ni nzito mdomoni, ina umafuta, hata ikishuka bado ulimi umefunikwa, jaribuni Chopin yenye lebo ya viazi au Luksusowa ambayo sio ghali. Ya ngano ndo nyepesi kuliko zote, ina utamu mdogo na haikai, Absolut ya Sweden na Grey Goose ya Ufaransa zote ni ngano. Na sio utani kwao, mwaka 2013 walibana sheria kwamba chupa ikiandikwa vodka ya Poland lazima iwe ya nafaka zao za asili au viazi na vyote vilimwe humo humo nchini. Kabla ya hapo waligombana na Ulaya nzima kuhusu vodka za zabibu kama Cîroc, walitaka zisiitwe vodka kabisa, wakashindwa, ikaishia tu kwamba ya zabibu lazima iseme kwenye lebo imetengenezwa na nini.

Jinsi wanavyoinywa pia ni tofauti na sisi. Glasi ndogo, kavu, inamezwa mara moja, na papo hapo unakula kitu, tango lililochachuka kwenye maji chumvi au samaki mbichi wa chumvi na vitunguu. Hakuna anayekunywa bila kula. Sasa ukishakula lile tango ndo unaelewa kwanini vodka ipo ilivyo, inasafisha mafuta na chumvi inapisha chakula. Wiski haiwezi hiyo kazi, itagombana na samaki. Ila kwa kuonja usiweke friza, weka friji ya kawaida tu.

Kama mtu kweli anachukia ile harufu ya sindano aanze na Żubrówka, ndani ya chupa kuna jani moja refu la nyasi, inanukia majani makavu na vanila, wenyeji wanaichanganya na juisi ya tufaha. Mke wangu hagusi pombe kali yoyote ila hiyo nikigeuka chupa imeshuka.

Wiski Tu:
Maneno mengi lakini ukweli vodka ni kwa watu wasiopenda pombe. Mtu anatafuta kinywaji kisichokuwa na ladha ili akifunike na juisi, si unywe juisi? Wiski ya Scotland inakaa kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka mitatu, inaingia humo nyeupe kama hiyo vodka yenu inatoka na rangi, vanila, karameli, nyingine moshi kabisa wa udongo wanaochoma. Hapo ndo unalipia hela unajua umelipia nini. Nyie mnalipia chupa, mleta mada alishajijibu mwenyewe pale juu.

Kaunta Senior:
Wiski Tu wewe nakujua ungekuwa mteja wangu ungeagiza wiski na koka. Ila kwenye bei nakuunga mkono nusu. Mwaka 2005 New York Times walionja vodka 21 bila kuona chupa, nyingi za bei mbaya, na Smirnoff ya kawaida ambayo walikuwa wameichomeka humo ikashika namba moja. Kwahiyo ndio, chupa unalipia. Ila Mbongo wa Kraków naye hajadanganya, ya viazi na ya ngano hata mimi nazitofautisha, sema hiyo tofauti ipo kati ya aina na aina, haipo kati ya elfu thelathini na laki moja na nusu.

Mama Kibosho:
Wanangu mnasahau kulinganisha na kitu cha kwetu. Piwa, gongo, machozi ya simba, ite utakavyo. Hiyo nayo ni nyeupe na ni ya kupikwa, lakini inapikwa mara moja kwenye sufuria au pipa, haipandi hayo madaraja aliyosema Kaunta, ndo maana ya ndizi inanuka ndizi na ya sukari nguru inanuka sukari nguru. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo bibi anaipima kwa kuimwaga kidogo kwenye moto. Kwa ladha tu, tuwe wakweli, iliyopikwa na mtu msafi ina ladha kuliko vodka zote hizo.
Ila siwashauri, mbali na kwamba sheria inakataza. Methanoli ulimi hauijui. Inafanana na pombe ya kawaida kwa harufu na kwa ladha, na huo moto wa bibi hauwezi kukuambia kitu maana yenyewe pia inawaka. Wenzetu Kenya mwaka 2014 walizika watu wengi ndani ya siku chache kwa pombe iliyotiwa methanoli, wengine walibaki vipofu. Na hatari hiyo haipo kwenye gongo tu, hata chupa ya vodka ya magendo yenye lebo nzuri inaweza kuwa hivyo hivyo, na vodka ndo rahisi kughushi kuliko zote kwasababu hakuna rangi wala harufu ya kuigiza. Angalieni stempu ya kodi, angalieni kizibo, bei ikiwa ya ajabu acheni.

Kibe wa Thika Road:
Mama hapo umeongea. Nishawahi kuuziwa vodka kwa baa fulani, kizibo ilikuwa inazunguka tu bila kukatika. Nilirudisha.

Mzee wa Kavanti:
Shukrani wakuu, shikamoo Mama Kibosho. Jumamosi nawakalisha hao washkaji, Konyagi, vodka, jini na wiski, bila soda, glasi zimefunikwa karatasi. Naanza na ipi?

Kaunta Senior:
Vodka kwanza, kisha Konyagi, jini, wiski ya mwisho kabisa. Ukianza na wiski utaibeba mdomoni mpaka mwisho na hizo nyingine zote zitanuka pipa. Nusu toti kila moja, maji ya kunywa katikati, na mle kwanza, sio chipsi mayai zinakuja saa tano mmeshaanza kukumbatiana.

Wiski Tu:
Nipe lokesheni mkuu nije niwe refa

Mzee wa Kavanti:
Njoo na chupa yako