Tupeane uzoefu: enthalpi ilikuingia kichwani lini?

Wadau, habari zenu. Mada hii ilinisumbua karibu muhula mzima, hasa ile alama ya kutoa. Nashika bika, naona imepata joto, halafu kitabu kinasema ΔH (badiliko la enthalpi, yaani joto linaloingia au kutoka kwenye mmenyuko) ni hasi. Kwangu kitu kilichopata joto kimeongezewa, sasa hasi inatoka wapi?

Kilichonifungua macho ni amoniamu kloridi. Tuliikoroga kwenye maji, bika ikawa baridi hadi ikatoa matone kwa nje kama jasho. Mwalimu akaniuliza, "Joto la mkono wako limekwenda wapi?" Nikajibu, limeingia ndani. Akasema, "Basi hesabu upande wa kinachoyeyuka, usihesabu upande wa mkono." Chumvi imepokea, kwa hiyo ΔH ni chanya, kama kilojuli 15 kwa moli (kipimo cha wingi wa chembe). Maji yaliyopoa, bika na mkono wangu, vyote ni mazingira. Tangu siku ile siandiki alama kabla ya kujua nani katoa, nani kapokea.

Ninyi je?

Mchangiaji wa 2:
Mimi ni hesabu. Nilichanganya asidi hidrokloriki na sodiamu haidroksidi, sentimita za ujazo 50 kwa 50, kila moja moli 1 kwa lita. Kipimajoto kikapanda nyuzi 5.5. Nikapiga gramu 100 × 4.18 (juli za kupasha gramu moja ya maji nyuzi moja) × 5.5, juli 2,299, nikakabidhi "ΔH = −2.3 kJ". Ikarudi na mstari mwekundu: sikugawa kwa moli. Maji yaliyoundwa ni moli 0.05, kwa hiyo jibu ni −46 kJ kwa moli. Kitabu kinasema −57. Nikarudia kwenye kikombe cha povu chenye mfuniko, nikapata nyuzi 6.5, yaani −54. Kumbe bika ya kioo ilikuwa inakula joto! Nawaomba sana, msibadilishe namba zifanane na kitabu. Andikeni joto lilipotelea wapi, hapo ndipo somo lilipo.

Mchangiaji wa 3:
Niliamini miaka kadhaa kwamba bondi (kifungo kati ya atomi) ikivunjika hutoa nishati. Si kweli, kuvunja kunagharimu. Kinachotoa ni kuunda. Haidrojeni na klorini zilinithibitishia: kuvunja ni 436 + 242 = 678 kJ, kuunda bondi mbili za H–Cl ni 2 × 431 = 862 kJ. Ukitoa unapata −184 kJ kwa moli mbili za HCl.

Mchangiaji wa 4:
Kwangu ni kanuni ya Hess ya mwaka 1840: jumla ya ΔH ni ile ile, njia yoyote upitie. Kaboni kuwa monoksidi ya kaboni huwezi kuipima vizuri moja kwa moja, sehemu yake huungua hadi dioksidi. Lakini kaboni hadi dioksidi inapimika, −394 kJ kwa moli, na monoksidi hadi dioksidi pia, −283. Tofauti yake, −111, ndiyo hatua iliyojificha. Nilichora njia mbili zinazoishia sehemu moja, nikaona.

Mchangiaji wa 5:
Mleta mada, kama chumvi yako inafyonza joto, nini kinaisukuma iyeyuke?

Mleta mada:
Swali zuri, mkuu. Ni entropi, yaani kipimo cha mtawanyiko. Ayoni zilizokuwa zimepangwa kwenye fuwele zinatawanyika majini, na mtawanyiko huo unashinda gharama ya joto. ΔH inakwambia joto limekwenda upande gani. Kama mmenyuko utatokea wenyewe, unatazama ΔH − TΔS (T ni halijoto, ΔS ni badiliko la entropi); ikiwa hasi, unatokea. Hapa inatoka hasi.