Mapenzi na hila katika Mabepari wa Venisi: Portia tumweke wapi?

MwanaMkunazini
Assalaam alaykum wanafasihi. Insha nyingi za wanafunzi wa skuli kuhusu tamthilia hii ya Shakespeare zinasema kwamba zama za Renesansi (mwamko wa sanaa na elimu Ulaya) mapenzi yalikuwa safi, na hila ni kazi ya mtu mbaya. Wakifika kwa Portia, bibi tajiri anayeposwa, wanakwama: ndiye apendaye, na ndiye mjanja kuwapita wote. Hoja ipangwe vipi isijipinge?

Maalim_Wete
Waalaykum salaam. Kosa limo kwenye neno "safi". Mapenzi ya kishairi ya wakati ule yana deni kubwa kwa Petrarca (1304–1374), mshairi wa Italia aliyemwimba mpendwa wake Laura katika diwani ya tungo 366, nyingi zikiwa soneti: mistari 14, minane ya kutia hoja, sita ya kuigeuza. Mpenzi anaungua na kuganda kwa pamoja, mpendwa hashikiki. Aliyelelewa na taarabu hapotei hapo.

Sasa mtazame Bassanio, mposaji wa Portia, tendo la 1, onyesho la 1. Anapomtaja Portia anaanza na urithi wake, ndipo uzuri, tabia njema mwisho. Na safari ya Belmont, kwao Portia, inategemea mkopo wa dukati (sarafu za dhahabu) 3,000 kwa miezi mitatu kutoka kwa Shylock, mkopeshaji Myahudi; rafiki yake Antonio anatia saini hati kwamba deni lisipolipwa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Mapenzi yameingia na hesabu zake tangu mwanzo. Mwanafunzi aanzie hapo, asikimbilie mahakamani.

BintiForodhani
Nakubaliana na Maalim, lakini mahakama ndiyo yenye utamu khasa. Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, aliandika mwaka 1513 kwamba mtawala awe simba wa kuwatisha mbwamwitu na mbweha wa kuitambua mitego. Hila kwake ni akili ya kujiokoa, na ubaya au uzuri wake unafuata inakotumika.

Portia anakwenda kwa hatua, na wanafunzi wanaziruka. Deni halikulipwa, na Shylock anadai nyama yake. Kwanza Portia anamwomba awe na huruma. Shylock akikataa, Portia anakiri kwamba hati ni halali. Hapa Shylock anamsifu, na mtego umeshategwa. Ndipo Portia anaisoma hati kwa ukali kuliko Shylock mwenyewe: ratili moja ya nyama, isizidi wala isipungue, na tone la damu lisimwagike. Mwisho anatoa sheria ya kumwadhibu mgeni, kama Shylock, aliyekusudia kumuua raia.

Wanaoandika "alighushi hati" wamekosea. Maneno ya hati hakuyagusa. Udanganyifu uko kwenye vazi, kwani amejifanya mwanasheria wa kiume na kesi inamhusu rafiki wa mumewe. Mfano wa kuwapa ni Abunuwasi: anayedai malipo ya harufu ya nyama hulipwa mlio wa fedha.

Maalim_Wete
Abunuwasi ni mfano mzuri, bibie, ila una mpaka. Mdai wa harufu anaondoka na aibu tu. Shylock anapoteza mali na kulazimishwa kubadili dini. Insha isiyolisema hili imemsifu Portia kwa bei rahisi.

MwanaMkunazini
Ahsanteni. Na yale makasha matatu ambayo mposaji wa Portia lazima achague moja?

BintiForodhani
Dhahabu, fedha, na risasi ile metali. La risasi linamtaka mchaguaji atoe na kuhatarisha alicho nacho chote, na hilo ndilo sharti la mapenzi. Lakini wimbo unaoimbwa Bassanio akichagua, kwa Kiingereza, mistari yake mitatu ya mwanzo ina kina kinacholingana na neno la risasi, "lead". Wapo wanaouona ni dokezo la Portia. Mimi naona hivyo pia, ingawa matini haisemi wazi; mwanafunzi aseme "huenda". Wasitegemee tafsiri peke yake kwa hoja hii, maana vina havivuki lugha. Hata jina: Nyerere alipoitafsiri, ikatoka 1969, "mfanyabiashara" mmoja wa jina la Kiingereza akawa "mabepari" wengi, na hukumu ya msomaji inaanzia jaladani.