Konvata ya gia otomatiki kwenye gari lisilo na kompyuta: swichi ya mkono, ya vakyumu, au seti kamili?

Chuma_Kizee:
Habari wakuu. Nina gari la zamani la kabureta, kompyuta halina hata ya kusingiziwa. Giaboksi yake ya gia tatu ilikufa, nikapata otomatiki ya gia nne iliyotolewa kwenye gari la miaka ya baadaye. Imekaa vizuri na gia zote zinaingia, ila lokapu, ile klachi iliyo ndani ya torki konvata (kile kibakuli cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi) inayovishikanisha moja kwa moja, haifungi kwa kuwa kule ilikotoka ilikuwa ikiamriwa na kompyuta. Nikiwa gia ya nne safari ndefu, injini inazunguka kuliko inavyostahili na giaboksi inachemka. Nimebaki na njia tatu: swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi, swichi ya vakyumu (inayofuata mvuto wa hewa wa injini), au seti iliyo tayari yenye kiboksi kinachosoma spidi. Nataka kuagiza Jumamosi. Nichukue ipi?

Spana17:
Giaboksi gani mkuu? "Ya gia nne" ni kama kusema una ng'ombe wa miguu minne. Injini gani? Difu ya uwiano gani? Na una hakika konvata uliyofunga ina hiyo klachi? Zipo zinazofanana kwa nje na ndani hazina kitu.

Waya_Mwekundu:
Swichi ya dashibodi, basi. Moto upite fyuzi ya ampea 5, swichi, solenoidi, yaani ile vali ya umeme inayofunga lokapu. Solenoidi yenyewe haili hata ampea 1. Weka na dayodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, maana ukikata umeme ile koili inarudisha mpigo unaokula midomo ya swichi. Barabara ikinyooka unabonyeza, ukikaribia foleni unazima. Nimetumia hivyo miaka na miaka.

MamaGereji:
Kaka, hiyo swichi naijua, na yeye ananijua. Nilifungiwa na fundi aliyeniambia "ni kama taa tu, unawasha unazima". Mwezi wa kwanza raha mustarehe, gari linanyamaza kwa mwendo kama limelala. Siku moja nateremka, mtoto anataka maji, simu inaita, mbele mtu akafunga breki. Nikakanyaga na mimi. Lokapu bado imefunga, kwa hiyo injini imeshikana na magurudumu kama manyuwali uliyosahau kukanyaga klachi. Spidi ikashuka, injini ikatetema mara mbili, ikazima. Sasa injini ikizima pampu ya usukani nayo imekwenda, usukani unakuwa wa jiwe. Buta ya breki, ile inayosaidia mguu, imebakiwa na vakyumu ya kukanyaga mara moja, labda mbili. Nyuma yangu lori. Nilisimama, sijui kwa dua ya nani. Wa lori alinitukana hadi akaishiwa, nami nikamwachia, alikuwa na haki yake.

Tangu siku ile sifungi lokapu bila kupitia breki. Rilei, yaani swichi inayoamriwa na umeme, ya miguu mitano: moto unaingia mguu ulioandikwa 30, unatoka 87a kwenda kwenye solenoidi, na waya wa taa za breki unaamsha koili. Ukigusa breki tu, lokapu imeachia. Hata ukiwa na swichi ya mkono, hiyo iwepo.

Waya_Mwekundu:
Pole dada, lakini aliyesahau ni wewe, si swichi.

MamaGereji:
Ndiyo, nilisahau. Wewe huwa husahau? Basi toa na taa ya hendibreki, unakumbuka kila kitu.

Kabureta_Hai:
Vakyumu inafanya kazi nzuri, watu wanakosea pa kuichukulia tu. Ukiitoa kwenye manifoldi, chini ya kabureta, gari likiwa sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) vakyumu iko juu, swichi inadhani unasafiri, inafunga, injini inazima. Chukua kwenye kitundu kilicho juu ya kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Pale sailensi hakuna vakyumu, mwendo wa kawaida ipo ya kutosha, ukikanyaga mafuta yote inaporomoka na lokapu inaachia yenyewe.

Spana17:
Mpaka ufike kilima kirefu. Mguu unaongeza kidogo, inaachia, unapunguza, inafunga. Fungua funga, fungua funga, hadi abiria wanauliza gari lina nini. Mimi ningeweka swichi ya presha ya gia ya nne kwanza, ili isifunge kabisa kwenye gia za chini, kisha breki ya MamaGereji, kisha ndiyo vakyumu. Ila mwenye uzi bado hajasema ni giaboksi gani.

Babu_Ovadraivu:
Vijana mnajitesa. Lokapu imeletwa na hawa wa kompyuta. Weka kipoza-mafuta kikubwa, endesha. Sisi tulizunguka bila hiyo na hakuna aliyekufa.

Kabureta_Hai:
Mzee wangu shikamoo, lakini Packard waliitoa mwaka 1949 kwenye giaboksi yao otomatiki, Ultramatic. Chrysler nao mwaka 1978 wakaifunga kwa presha ya mafuta peke yake, bila waya hata mmoja. Kompyuta ilikuta wenzake mezani.

Babu_Ovadraivu:
Marahaba. Hiyo Packard umewahi kuifungua?

Kabureta_Hai:
Sijawahi, mzee.

Babu_Ovadraivu:
Basi.

Chuma_Kizee:
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni 700R4 ya Chevrolet, injini ya silinda nane. Difu sijui. Mwenye duka amesema seti yao inajua kila kitu. Halafu kuna kebo imening'inia upande wa kabureta, imetoka kwenye giaboksi, sijaifunga popote. Hiyo ndiyo ya lokapu?

Spana17:
ZIMA GARI.

MamaGereji:
Kaka usiliwashe tena hilo gari. Hiyo ni kebo ya TV, na TV hapa si televisheni, ni throttle valve. Ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, na kwenye 700R4 presha ya ndani inaifuata. Bila hiyo gia zinaingia laini na mapema, unaona raha, kumbe klachi za gia humo ndani zinateleza na kuungua.

Waya_Mwekundu:
Ndiyo maana inachemka. Hata ukifunga lokapu leo, hilo linabaki palepale.

Spana17:
Teremsha sampo, bakuli la chini ya giaboksi, uangalie mafuta yake. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, tuanze mazungumzo mengine. Kama bado ni mekundu, una bahati.

Chuma_Kizee:
Rangi ya chai ya rangi. Harufu kidogo. Wenzo wa kabureta yangu una matundu matatu, kebo niitie kwenye lipi?

Kabureta_Hai:
Usikisie, tundu likikosea jiometri yote imekosea. Kuna bamba maalumu la kurekebisha hiyo kona kwa kabureta zisizo za kiwandani. Kipepeo kikifunguka chote, kebo iwe imevutika yote, isizidi, isipungue. Tupia picha.

Babu_Ovadraivu:
Ile giaboksi yako ya gia tatu bado ipo? Inakufa kufanyaje hasa?